Kuwatembeza wanafunzi kwa miguu katikati ya Dar: tuanzie wapi, tuishie wapi?

Mwalimu_wa_Kihonda

Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha historia sekondari huku Morogoro. Mwezi ujao nawaleta Dar wanafunzi wangu wa kidato cha tatu. Tutalala usiku mmoja, na asubuhi inayofuata yote ni yetu mpaka mchana. Nataka waone mji wa zamani kwa miguu, wakiwa na mtu wa kuwaongoza na kuwaeleza. Sitaki tupite na basi huku mwalimu kashika kipaza sauti anataja majina ya majengo kupitia dirishani. Hilo tulilifanya na kundi lililopita na sikuona hata mmoja aliyeuliza swali.

Wengi wao Dar wanayoijua ni Kariakoo ya kununulia nguo za sikukuu, basi. Darasani tumeshasoma Wajerumani, tumesoma Vita Kuu ya Kwanza, tumesoma TANU. Mtihani wanajibu vizuri. Ila ukimwuliza mwanafunzi TANU ilizaliwa mtaa gani, anakutazama kama umemwuliza jambo lisilohusu somo.

Naomba wenyeji na wanaofanya kazi ya kutembeza wageni mnisaidie. Njia gani inafaa kwa asubuhi moja? Wapi tusimame kwa muda mrefu na wapi tupite tu? Nimepitia ratiba za watembezaji kadhaa, karibu zote zinafanana: makanisa mawili, sanamu ya Askari, Makumbusho, mwisho. Ni kwamba hakuna kingine cha kuona, au ndivyo ilivyozoeleka?

Mzee_wa_Stesheni

Mwalimu, karibu Dar.

Kwa asubuhi moja usijitwishe mengi. Mtakatifu Yosefu, Azania Front, Askari, halafu nenda Makumbusho ya Taifa pale Shaaban Robert mkae kwa utulivu. Makumbusho peke yake yanatosha kumjaza mtoto: kuna habari za Zinjanthropus, fuvu la zamadamu wa Olduvai lililopatikana mwaka 1959, kuna magari aliyotumia Mwalimu Nyerere, kuna vivuli vya kupumzikia na maliwato. Jengo lenyewe la zamani lilifunguliwa 1940 kwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano, kwa hiyo nalo ni historia.

Kariakoo usiwapeleke. Na sare zao zile utashinda unawahesabu tu.

Binti_Ilala

Mwalimu, shikamoo kama unanizidi, na pole na maandalizi.

Kazi yangu ndiyo hiyo. Natembeza watu kwa miguu katikati ya mji, wageni wa nje na wa humu humu, na kundi ninalolipenda kuliko yote ni wanafunzi, kwa sababu wao huuliza maswali ambayo mtu mzima anaona aibu kuuliza. Mzee wa Stesheni kasema kweli kuhusu kuhesabu watoto. Ila kwenye kuishia Makumbusho, aniwie radhi, hapo sikubaliani naye. Matembezi yanayoishia pale yanawaonyesha vijana wako mji wa Sultani, wa Gavana na wa askofu. Mji waliokuwa wakiishi Waafrika wenyewe hawatauona, na uko mwendo mfupi tu, ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja. Kwa hiyo jibu la swali lako la mwisho: vingine vipo, tena vingi. Ratiba zimeandikwa hivyo kwa sababu mji wenyewe ulikatwa vipande, na watembezaji wengi bado wanatembeza kipande kimoja.

Mimi ningewapitisha hivi.

Anzeni Old Boma, Sokoine Drive, mkabala na bandari. Mfike saa moja asubuhi, jua halijapanda na upepo wa bahari bado upo. Usianze na tarehe. Waingize ndani, mmoja mmoja asimame kwenye uwazi wa dirisha aupime ukuta kwa mkono wake. Unene ule hauhitaji maelezo. Ni mawe ya matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa chokaa, na mlango wa mbele ni wa mbao za nakshi kama ya Unguja. Wakishagusa ndipo uwaambie: hapa ni 1866 na 1867, enzi za Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, na nyumba hii ilikuwa ya kupokelea wageni wake. Majid ndiye aliyeamua mji ujengwe kwenye bandari hii tulivu, kando ya kijiji cha Mzizima. Kasri lake lilikuwa jirani na hapo, leo halipo. Mwaka 1870 akafariki, mdogo wake Barghash hakuutaka mji huu, ujenzi ukasimama na nyumba zikaanza kumezwa na majani. Wajerumani walipofika 1887 walikuta mji uliokaribia kurudi kijiji, na 1891 wakahamishia makao makuu yao hapa kutoka Bagamoyo. Mimi huwa nawauliza wanafunzi: je, mji unaweza kufa kwa kifo cha mtu mmoja? Waache wabishane, usiwakatishe.

Kituo cha pili kiko barabara hiyo hiyo ya Sokoine, na ndicho watembezaji wengi wanakipita wakionyesha kidole tu: Atiman House. Nayo ni ya enzi za Majid, baadaye ikawa mikononi mwa Mapadri Weupe, wamisionari wa Kikatoliki. Nakuomba usimame hapo kuliko unavyosimama kwenye kanisa lolote. Adrien Atiman alizaliwa huko Mali, karibu na Timbuktu. Akiwa mtoto mdogo aliibwa na kuuzwa utumwani, akavushwa jangwa la Sahara, na huko Algeria mapadri wakamkomboa kwa kumnunua. Wakamsomesha, wakampeleka Malta akajifunza udaktari, kisha akaja na msafara hadi Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Akawatibu watu wa huko tangu mwishoni mwa miaka ya 1880 mpaka uzee wake, akafariki huko huko Karema mwaka 1956. Fikiria kijana wa kidato cha tatu aliyesoma biashara ya utumwa kama sura ya kitabu, anasimama mbele ya nyumba iliyojengwa enzi ambazo biashara hiyo ilikuwa ikiendelea mwambao huu, na nyumba ina jina la mtoto aliyeuzwa, akaja kuwa daktari katika nchi hii hii. Kuna siku msichana mmoja aliniuliza kama Atiman aliwahi kumwona tena mama yake. Kundi zima lilinyamaza. Somo la utumwa lilianza hapo, na mimi sikuwa nimesema neno.

Mtakatifu Yosefu ingieni dakika chache. Lilijengwa kati ya 1897 na 1902, vioo vya rangi nyuma ya madhabahu vinapendeza asubuhi. Kama kuna ibada msiingie, simameni nje. Azania Front, kanisa la Walutheri, ni la miaka ile ile, lilianzwa 1898 na kumalizika 1902. Hapo waambie waangalie madirisha: kila dirisha lina kijipaa chake cha vigae vyekundu, ili jua na mvua visiingie moja kwa moja. Fundi Mjerumani ilibidi aitii hali ya hewa ya Pwani. Hilo linatosha, endeleeni.

Kivukoni pandeni nayo kwa ubavu wa maji mpaka kuelekea Magogoni. Majengo ya serikali ya Kijerumani mtayaona upande wa kushoto, yale yenye varanda ndefu. Ikulu mtaitazama kwa mbali, na hapo simu zote ziingie mfukoni, hakuna kupiga picha. Waambie tu kwamba nyumba ya Gavana Mjerumani ilipigwa mizinga na manowari za Waingereza 1914, na Waingereza hao hao ndio walioijenga upya 1922. Ocean Road msiende. Jengo ni la Wajerumani la 1897 na lina historia kubwa ya utabibu, lakini leo ni hospitali ya saratani, kuna wagonjwa na ndugu zao pale nje, na kundi la wanafunzi wenye madaftari halistahili kusimama mbele yao.

Mkitoka hapo mnapita Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa na Wajerumani 1893 kujaribia mazao waliyotaka yalimwe na watu wetu, na Ukumbi wa Karimjee, ambako Bunge lilikaa miaka mingi kabla ya kwenda Dodoma. Pumzikeni hapo kwenye kivuli, wanywe maji. Makumbusho yako jirani. Kama mna nafasi mchana, mrudi kwa gari. Msiingie sasa hivi, kwa sababu mkiingia matembezi yameishia hapo.

Sasa fuateni Samora mpaka kwa Askari. Hapa nisikilize vizuri, Mwalimu, kwa sababu hapa ndipo kundi linapopotea au kupatikana.

Kwanza, usisimulie ukiwa pale kwenye kipilefti. Magari yatakumeza. Simulia kabla hamjafika, kwenye kivuli cha jengo lolote la Samora, kisha mwende kutazama mkiwa tayari mnajua mnachokitafuta.

Cha kusimulia ni hiki. Mahali alipo Askari, Wajerumani walisimamisha mwaka 1909 sanamu ya Hermann von Wissmann, yule aliyetumwa kuzima vita vya Abushiri, aliyeongoza watu wa Pwani kuwapinga Wajerumani, na Abushiri akanyongwa Pangani 1889. Wissmann alisimama juu. Chini yake, miguuni, palikuwa na askari Mwafrika akimtazama kwa kuinua kichwa. Waingereza walipouteka mji 1916 waliing'oa, baadaye ikapelekwa Hamburg, ikasimamishwa chuo kikuu, na mwaka 1968 wanafunzi wa chuo hicho wakaiangusha. Wanafunzi wako watapenda kusikia hilo. Mwaka 1927 Waingereza wakamweka huyu tunayemwona, wa shaba, na bunduki yake yenye singe ikielekea bandarini. Kwa hiyo yule aliyekuwa chini akitazama juu, sasa yuko juu peke yake.

Halafu wapeleke wakasome maandishi. Yako kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Yanawataja askari waliopigana, yanawataja na wapagazi kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na mwisho yanaahidi kuwa watoto wao watayakumbuka majina yao. Wape dakika tano walizunguke sanamu lote watafute jina. Jina lolote la mtu. Watarudi wakuambie hakuna. Ndiyo, hakuna hata moja. Wapagazi walikufa makumi kwa makumi ya maelfu katika vita ile, kwa njaa, kuhara na malaria kuliko kwa risasi, na juu ya jiwe amesimama mwenye bunduki tu, mwenye mzigo hayupo.

Baada ya hapo utawaambia: twendeni mahali wapagazi hao walipopiga kambi. Watakufuata bila kulalamika miguu.

Samora inawafikisha Mnara wa Saa, uliojengwa 1961 Dar ilipopewa hadhi ya jiji. Kabla ya hapo ingieni mtaa mmoja au miwili ya Uhindini, kuelekea India Street na Mosque Street, muinue macho. Juu ya maduka mtaona majina ya waliojenga na miaka ya kujenga, vimechorwa kwa saruji kwenye paji la nyumba. Majengo mengi ya namna hiyo yamevunjwa kupisha maghorofa, na yanaendelea kuvunjwa. Jamatkhana ya Darkhana, nyumba ya ibada ya Waismailia, na mnara wake wa saa, ya mwaka 1930, bado ipo.

Mkivuka sasa mnaingia Mnazi Mmoja. Vijana wengi wanadhani ni uwanja wa mapumziko tu. Wasimamishe katikati. Wageuke nyuma waangalie walikotoka, kisha wageuke mbele. Wajerumani walianza kuugawa mji kwa masharti ya ujenzi, ufukweni nyumba za Kizungu, nyuma yake biashara za Wahindi, nyuma kabisa nyumba za udongo na makuti za Waafrika. Waingereza wakaendeleza wakazipa sehemu hizo namba: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Na kati ya ya pili na ya tatu wakaacha uwanja mtupu, kwa hoja ya afya. Uwanja huo ndio mnaosimama. Ubaguzi tunaufundisha kwa maneno, Mwalimu, na huku kipimo chake kipo, unaweza kukivuka kwa hatua zako. Wakati mwingine nawaambia wanafunzi wauvuke kimya.

Ng'ambo yake ni Mtaa wa Lumumba, zamani ukiitwa New Street. Chama cha Waafrika, African Association, kilianza hapa mjini 1929 na kikawa na nyumba yake mtaani hapo. Ndimo TANU ilimozaliwa tarehe 7 Julai 1954, na Nyerere wakati huo alikuwa mwalimu wa Pugu. Jengo la zamani halipo, mtaona jengo la chama la leo. Ndiyo maana watembezaji wengi hawaendi, wanasema hakuna cha kupiga picha. Mimi naona hiyo ndiyo sababu ya kwenda. Mtaa upo, uwanja upo, umbali wa kutoka nyumba ya Gavana mpaka hapa wameupima kwa miguu yao asubuhi hiyo hiyo.

Malizieni kwenye soko la Kariakoo, kwa nje. Eneo hilo ndilo lilikuwa kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps kwa Kiingereza, na soko limelibeba jina lao mpaka leo. Paa lile la zege lenye maumbo ya miavuli iliyopinduliwa lilibuniwa na msanifu wetu Beda Amuli. Kila mwavuli ni kinga ya maji: mvua inashuka kwa nguzo mpaka matangi chini ya ardhi. Lilifunguliwa 1975, likaungua Julai 2021, likafanyiwa ukarabati. Wamalize siku yao chini ya jengo lililochorwa na Mwafrika, nchi ikiwa huru.

Fundi_Chokaa

Binti Ilala kaeleza vizuri sana. Naongeza kidogo kwa upande wa majengo, maana nimefanya kazi kwenye ukarabati wa nyumba za mwambao.

Mwalimu, pale Old Boma wakishapima ukuta, waambie waangalie upana wa vyumba. Kwenye nyumba za namna hii za Pwani chumba ni chembamba na kirefu, na sababu yake iko juu ya kichwa chako. Dari linashikiliwa na boriti za mikoko, na boriti nzuri iliyonyooka ina urefu wake, ikizidi hapo inapinda kwa uzito wa chokaa na mawe ya juu. Kwa hiyo fundi alianza na mti ndipo akapata chumba. Ukitaka chumba kirefu, unaongeza boriti ubavuni, upana unabaki ule ule. Wanafunzi wa hesabu watalifurahia hilo.

Jambo la pili linaniuma na ningependa vijana walijue. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Sasa angalia tarehe alizotaja Binti Ilala. Old Boma 1866. Makanisa 1897 na 1898. Uhindini miaka ya 1920 na 1930. Dar yote imechelewa! Jengo la hapa halilindwi kwa umri wake, lazima waziri alitangaze kwenye Gazeti la Serikali. Lisilotangazwa, mwenye nalo akipata kibali cha kuvunja, limekwenda. Na plasta ya saruji nayo inaua taratibu: ukuta wa matumbawe unapumua, ukiufunika kwa saruji unyevu unabaki ndani, chumvi inasukuma, ukuta unaanza kumeguka. Dawa ni chokaa, na mafundi wanaojua kuikoroga na kuiacha ikae wanazidi kupungua.

Mwalimu_wa_Kihonda

Dada Binti Ilala, asante sana. Na wewe Fundi, asante. Mzee wa Stesheni, ushauri wako wa maliwato nimeuandika wa kwanza kabisa, wewe umewahi kutembea na watoto.

Nimeshawishika kuvuka Mnazi Mmoja. Nimebaki na mambo mawili. Nina mwanafunzi mmoja anayetembea kwa magongo. Ni hodari, hapendi kuachwa, na hapendi kubebwa. Njia yote hiyo itamshinda au tutaipunguza vipi bila yeye kuona tumeipunguza kwa sababu yake? Pili, niajiri mwongozaji, au kwa maelezo haya niwaongoze mwenyewe?

Binti_Ilala

Mwalimu, hilo la kwanza ni la muhimu kuliko yote na nafurahi umelitaja mapema.

Kinachochosha mtu wa magongo mjini ni njia za waenda kwa miguu kuliko umbali: mifuniko ya mitaro iliyovunjika, ukingo mrefu wa barabara, magari yaliyoegeshwa juu ya njia. Kivukoni upande wa maji ni tambarare, hakuna shida. Samora inaendeka mkipita mapema kabla wachuuzi hawajatandaza. Uhindini ndiko kugumu, na Kariakoo ndiko kugumu zaidi. Kwa hiyo fanya hivi, na liwe la kundi zima: kateni kipande cha Magogoni na Bustani ya Mimea. Mkitoka Azania Front pandeni moja kwa moja Azikiwe mpaka kwa Askari. Mnaokoa karibu nusu ya mwendo, na mnachokosa ni majengo ya kutazama kwa mbali. Ikulu wasimulie mkiwa Kivukoni, ukionyesha upande iliko. Uhindini chagueni mtaa mmoja tu. Soko la Kariakoo mlitazame kwa basi, mkishapanda, maana paa lile linaonekana vizuri zaidi kwa mbali kidogo.

Sehemu tatu usizipunguze hata jua likiwaka: Atiman, Askari, Mnazi Mmoja. Na kasi ya kundi iwekwe na wanafunzi wawili watakaotangulia, yule kijana akiwa mmoja wao. Mpe kazi ya kusoma maandishi ya Kiswahili ya Askari kwa sauti. Atatangulia, na wenzake watamsubiri asome.

La pili: ajiri mtu, mwenye leseni ya kuongoza watalii, ila historia ifundishe wewe. Yule awajulie barabara, awazungumzie na walinzi wa milangoni, awavushe. Kabla hujamlipa mwulize swali moja: Mnazi Mmoja utasimama utuambie nini? Akikuambia hapo ni kupita tu, tafuta mwingine. Makanisa na Old Boma ulizia siku chache kabla kama kuna shughuli, na Jumapili usipange kabisa kwa ajili ya ibada. Barua ya shule yenye mhuri ibebe nakala kadhaa, utaiombwa.

Kila mwanafunzi awe na maji yake na kofia. Wagawe makundi madogo yenye kiongozi anayehesabu wake kila mnapovuka barabara, ndivyo tunavyofanya hata na wageni wazima. Na basi liwashushe Sokoine Drive, kisha dereva aende moja kwa moja Mnazi Mmoja upande wa Lumumba awasubiri huko. Msirudi mlikotoka. Saa tano mkiwa mmepanda, mnapita Kariakoo, na mchana Makumbusho yanawasubiri na vivuli vyake.